Uzi: Kuandaa waelimisha rika sekondari ya kata (Dodoma na Kanda ya Kati): uteuzi, mafunzo, rufaa, ufuatiliaji

Ticha wa Kata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzi huu uwe wa walimu wa malezi na wote wanaofanya kazi na vijana mashuleni, hasa huku Kanda ya Kati.

Shule ni sekondari ya kata, wilaya ya Chamwino. Wanafunzi 640, mikondo minne kila kidato. Wengi wanatembea kutoka vijiji vya jirani, wengine wamepanga magheto karibu na shule kwa sababu hosteli haitoshi. Mkuu wa shule ameridhia tuandae waelimisha rika 24, yaani wanafunzi wa kuzungumza na wenzao kuhusu afya na usalama wao. Mfadhili hatuna. Kuna chakula cha shule, karatasi, na nesi wa zahanati aliye tayari kusaidia.

Maswali yangu: tuwapate vipi, tuwafundishe nini na kwa siku ngapi, na tufanye nini ili baada ya muhula mmoja kikundi kisibaki jina tu kwenye ubao wa matangazo? Nawasilisha.

Mkufunzi Makole

Mwalimu, uzito mkubwa uweke kwenye uteuzi, maana ukikosea hapo mafunzo hayataokoa kitu.

Usichukue viranja. Kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wachelewaji na wapiga kelele. Hakuna msichana atakayemfuata kumwambia hajaona siku zake. Usichukue pia wale wa kumi bora kwa sababu tu ni wa kumi bora. Mara nyingi hao wanasikilizwa na walimu kuliko na wenzao.

Wapigiwe kura ya siri na wenzao, bila kutangaza ni kura ya nini. Kila mwanafunzi apewe kipande cha karatasi, asiandike jina lake, ajibu maswali matatu: Nani wa darasa hili ungemwendea ukiwa na shida? Nani akiongea wengine wananyamaza kumsikiliza? Nani akiambiwa neno halitoki? Kila swali majina mawili, la msichana na la mvulana. Darasa la watu 40 linamaliza ndani ya robo saa. Jumlisha majina ya maswali yote matatu pamoja, kisha panga kuanzia aliyetajwa zaidi.

Uteuzi wa namna hii una ushahidi. Utafiti wa ASSIST uliofanyika katika shule 59 za Wales na magharibi mwa Uingereza, na kuchapishwa 2008, uliwapata vijana wa miaka 12 hadi 13 wenye ushawishi kwa kuwauliza wenzao, ukawafundisha siku mbili nje ya shule, kisha wakaachwa wazungumze na rafiki zao kwa wiki 10 kuhusu sigara, maongezi ya kawaida tu, bila kusimama mbele ya darasa. Uvutaji ulipungua ukilinganisha na shule zisizokuwa na mpango huo. Walilenga asilimia 15 ya vijana wa rika lile.

Sasa hesabu yako. Kidato cha nne waache, Novemba wana mtihani wa NECTA. Kidato cha kwanza Januari bado hawajuani, kura yao itakuwa ya kubahatisha. Chukua kidato cha pili na cha tatu: mikondo minane, watatu kila mkondo, jumla 24. Mikondo minne itoe wasichana wawili na mvulana mmoja, minne itoe kinyume chake, upate 12 kwa 12. Hao ni kama asilimia 7 na nusu ya wanafunzi 320, nusu ya kiwango cha ASSIST, kwa hiyo usiwabebeshe mada kumi. Chagua nne au tano.

Kura ikileta mtundu, usimfute. Walimu wapitie orodha kwa sababu moja tu, usalama: anayenyanyasa wadogo, anayesumbua wasichana, aliyewahi kusambaza picha za mwenzake. Alama za darasani na kukaa vizuri mstarini visiwe kigezo. Weka wanne wa akiba, maana wawili au watatu watahama shule au watakatazwa na wazazi.

Chilonwa kwetu

Naongezea: angalieni magheto. Kura za darasani zinaweza kuwapa watu 24 wote wa kijiji kimoja chenye shule. Wapangaji wa magheto ndio wanaokaa bila mtu mzima tangu saa kumi jioni hadi asubuhi. Hakikisheni angalau sita kati ya hao 24 wanaishi geto, na wengine sita wanatoka vijiji vya mbali.

Mnasihi06

Kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo kuna karatasi tatu, na wengi wanazifanya mwishoni halafu mambo yanakwama.

Ya kwanza ni taarifa ya maandishi kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, ikiwa na orodha ya mada. Mgeni yeyote wa nje, hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaojitolea, asiingie darasani bila barua ya mkurugenzi.

Ya pili ni fomu ya ridhaa ya mzazi. Itaje mada waziwazi: balehe, hedhi, mimba, VVU, ukatili, dawa za kulevya na pombe. Ukiandika "stadi za maisha" tu, siku mzazi akisikia mwanawe anazungumzia VVU atakuja shuleni akiwa amekasirika, na ana haki. Isome kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, na awepo mtu wa kuifafanua kwa Kigogo, maana bibi wengi ndio walezi halisi wa hawa watoto na wengine hawasomi.

Ya tatu ni ukurasa mmoja wa mipaka ya kazi, ambao kila kijana atasaini: anafanya nini, hafanyi nini. Anazungumza, anasahihisha uongo, anaelekeza kwenye huduma. Hatoi dawa, hapimi mtu, hasuluhishi ugomvi wa wapenzi, hachunguzi nani ana mimba.

Na jambo moja ambalo shule nyingi hulipitia juu juu: mlezi wa kikundi ASIWE mwalimu wa nidhamu. Mwalimu huyohuyo hawezi kushika fimbo saa nne na kupokea siri saa nane. Awepo mlezi wa kike na wa kiume, wote wawili.

Mama Zahanati

Mimi nizungumzie maudhui, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapopewa maneno mengi na ukweli kidogo. Mwelimisha rika hahitaji kujua kila kitu. Ajue mambo machache kwa uhakika, kiasi cha kuweza kuyasema akiwa kisimani au njiani kurudi nyumbani.

*Siku salama.* Huu ndio uongo unaowakamata wengi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, na hedhi inayofuata haijulikani mpaka ifike. Miaka miwili mitatu ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko unaruka, leo siku 24, mwezi ujao 38. Mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili. Kwa hiyo msichana wa miaka 15 anayehesabu kwenye kalenda hana siku salama anayoweza kuitegemea. Waelimisha rika wachore mizunguko mitatu tofauti kwenye manila, waone wenyewe yai linavyohama. Wakichora wanaelewa, wakiambiwa tu wanasahau.

*Hedhi.* Taulo au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani, hata kama ni nyuma ya nyumba chini ya kanga nyepesi. Kikifichwa uvunguni kinabaki na unyevu na kinaleta muwasho. Maji ya visima vingi vya huku ni ya chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, kwa hiyo suuza mara mbili zaidi. Na wavulana wafundishwe somo hili hili, katika chumba hichohicho. Kicheko cha siku ya kwanza kinaisha siku ya pili, na ndio hao watakaonyamazisha wenzao siku binti akichafua sketi.

*VVU.* Sheria ilirekebishwa 2019, umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Wengi wa kidato cha pili na cha tatu wamefika hapo, na hawajui. Kipimo kinaweza kukosa maambukizi mapya, kwa hiyo aliyekuwa hatarini juzi arudie baada ya miezi mitatu. Anayetumia dawa za kufubaza virusi (ARV) vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hili la mwisho lisemwe kwa nguvu, maana darasani kuna watoto waliozaliwa na VVU, wanameza dawa kwa kujificha, na wengine wanaacha kwa kuogopa kuonwa.

*Lawalawa.* Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima, vinalipita hili. Huku kwetu na Singida, muwasho na usaha sehemu za siri za mtoto wa kike huitwa lawalawa, na wapo wazee wanaoamini dawa yake ni kukeketa. Mwaka 1998 sheria ilifanya ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 kuwa jinai. Kitendo hakikukoma. Kilihamia kwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, bila ngoma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara. Sasa mwanafunzi wa kidato cha tatu ana mdogo wa wiki tatu nyumbani, na ndiye pekee katika nyumba hiyo aliyeambiwa kwamba lawalawa ni maambukizi ya kawaida, yanatibika zahanati kwa dawa na usafi. Mfundisheni sentensi ya kumwambia mama yake: "Mama, nesi amesema hii ni ya dawa, twende kesho asubuhi nitakusindikiza." Abishane na bibi? Hapana. Amfikishe mtoto zahanati.

*Msongo na huzuni.* Wafundisheni dalili: kujitenga ghafla, kugawa vitu vyake, kusema "mtanikumbuka". Neno "Mirembe" lisitumiwe kumtania mtu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ipo hapa Dodoma na inatibu watu kila siku, lakini utani ule ndio unaomfanya kijana asiseme. Hatua ya kwanza ni mlezi, kisha kituo cha afya.

Kuhusu kondomu na vidonge: mwelimisha rika hagawi shuleni. Anamwambia mwenzake siku na saa ya huduma rafiki kwa vijana pale kituoni, na jina la mhudumu. Nawasihi walimu mje kituoni mkae na mhudumu, mpange kipindi cha jioni au Jumamosi ambacho kijana mwenye sare hatasimama foleni moja na shangazi yake. Bila hivyo rufaa zote (vijana mnaowaelekeza kwenye huduma) zitaishia getini.

Nkuhungu

Wakuu, naheshimu michango, ila niulize kwa nia njema. Haya mambo yamefanywa tangu miaka ya tisini. MEMA kwa Vijana, mradi wa utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana kule Mwanza, ilikuwa na jamii 20, nusu zikapata mpango, nusu zikasubiri. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yakaonyesha uelewa na mitazamo imepanda, lakini VVU, malengelenge ya sehemu za siri na mimba havikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Kwa nini tuwachoshe watoto?

Mkufunzi Makole

Swali la haki kabisa, na kila anayeanzisha kikundi aijue MEMA kwa Vijana. Waelimisha rika kule walikuwa wasaidizi. Mafunzo yaliongozwa na walimu darasani, na kulikuwa na vituo vya afya vilivyoandaliwa. Ulikuwa mpango mzuri, na bado ngono za wasichana ziliendelea kuamuliwa na fedha, umbali, na wanaume watu wazima ambao hawakuwa darasani.

Kwa hiyo usimwahidi mkuu wa shule kwamba mimba zitaisha. Ahidi kile kikundi kinachoweza: uongo upungue, wanaohitaji huduma wafike, na anayeumizwa apate mtu wa kumwambia mapema. Kisha watu wazima wafanye sehemu yao. Nani ana funguo za magheto? Nani anawapa wasichana lifti za bodaboda "bila malipo" kwenda vijijini? Kikao kimoja cha mkuu wa shule, mwenyekiti wa kijiji, wenye nyumba na viongozi wa kijiwe cha boda kinabeba uzito ambao kijana wa miaka 16 hapaswi kuubeba.

Nkuhungu

Nimekuelewa mkuu, asante. Hapo kwenye wenye nyumba nakubaliana kabisa.

Ticha wa Kata

Asanteni sana. Dada Mama Zahanati, hili la lawalawa nitalileta kwenye kikao cha wazazi. Sasa siku na ratiba. Siku tano mfululizo itatuvuruga masomo.

Mkufunzi Makole

Usifanye siku tano mfululizo. Unahitaji takriban saa 30, zigawe hivi: siku tatu mfululizo wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, saa sita kila siku, halafu Jumamosi nne muhula wa pili ukianza, saa tatu kila Jumamosi. Faida ya kugawa ni kwamba katikati wameshajaribu kuongea na wenzao, wanarudi na maswali ya kweli. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, uepuke: wengine wanahitajika shambani, na makorongo yakijaa wa vijiji vya mbali hawafiki.

Wawezeshaji watatu kwa vijana 24: mlezi wa kike, mlezi wa kiume, na nesi kwa mada zake.

Kati ya saa hizo 30, mihadhara isizidi 10. Saa 20 ni mazoezi. Hapa ndipo mafunzo mengi yanaharibika: mwezeshaji anaongea siku nzima, vijana wananakili kwenye madaftari, halafu tunashangaa kwa nini wakirudi madarasani nao wanahutubia. Watafanya kile walichofanyiwa.

Zoezi kuu ni igizo dhima la watu watatu. Gawa 24 katika makundi nane. Mmoja ana shida, mmoja ni mwelimisha rika, wa tatu anaangalia na kalamu mkononi. Dakika sita za maongezi, nne za mrejesho, kisha mnabadilishana nafasi. Mizunguko mitatu ni nusu saa, na kila mtu amekaa kila kiti. Anayeangalia haandiki maoni. Anapiga alama tu. Alama moja kwa kila swali la wazi lililoulizwa, alama nyingine kila mara mwelimisha alipotoa amri ("acha", "usifanye", "unatakiwa"). Mzunguko wa kwanza amri zitazidi maswali mara tatu. Waonyeshe hesabu hiyo bila kuwakaripia, mzunguko wa pili unabadilika wenyewe.

Hali za kuigiza ziandike kwenye vikadi, moja moja, zitokane na maisha ya hapo:

Boda anampa rafiki yako lifti kila siku, sasa anamwambia ana deni.
Mwenye geto anakuja kudai kodi saa tatu usiku.
Mvulana wa kidato cha tatu anachekwa kwa kuwa hana mpenzi.
Msichana hajaona siku zake wiki sita, anauliza kuhusu dawa ya kienyeji.
Rafiki anakunywa pombe kabla ya kuingia darasani.

Mwiko mmoja: siku mbili za mwanzo msiigize mbele ya kikundi chote. Mbele ya hadhira kijana atafanya vichekesho, kila mtu atacheka, na hakuna atakayejifunza. Makundi ya watatu watatu, yaliyotawanyika chini ya miti, hayana wa kumchekesha.

Mtiririko wa maongezi uwe hatua nne, waukariri: uliza, sikiliza mpaka amalize, sema ukweli mmoja, elekeza. Ukweli MMOJA. Kijana aliyetoka kwenye mafunzo anataka kumwaga yote aliyojifunza, na mwenzake anakimbia.

Mzee wa Zabibu

Kwa upande wa vifaa, kwa watu 30 (vijana 24, akiba wanne, wawezeshaji wawili wanaokula hapo): manila 15, makapeni 8, daftari dogo kila mmoja, gundi karatasi mbili. Uji wa asubuhi lita 12, unga kilo moja na nusu, sukari kilo moja. Makande mchana: mahindi kilo 5, maharage kilo 2 na nusu, yalowekwe usiku, la sivyo saa saba bado magumu na ratiba yote inasogea. Maji ya kunywa lita 60 kwa siku. Juni ni baridi asubuhi lakini mchana jua linachoma. Posho msianzishe. Mkilipa mara ya kwanza, mara ya pili hawaji bila malipo, na wale wenye moyo watahesabiwa wajinga. Nauli ya anayetoka mbali ni jambo jingine, hiyo ilipwe.

Ustawi Kati

Habari zenu. Naomba niingie kwenye rufaa na usiri. Sehemu hii ikifundishwa nusu, mtoto anaweza kuumia zaidi kuliko kama kikundi kisingekuwepo.

Mwelimisha rika asiahidi kamwe "sitamwambia mtu yeyote". Mfundisheni kusema hivi mwanzoni kabisa: "Tunayoongea yanabaki kwangu, isipokuwa kama wewe au mtu mwingine yuko kwenye hatari. Hapo nitamwambia mlezi, na nitakuambia kabla sijaenda." Aikariri neno kwa neno, aigize mara nyingi mpaka isikike kama maongezi yake.

Hatari hizo ni tatu na zisiongezwe: ukatili (wa kingono, kipigo, kufukuzwa nyumbani), kutaka kujidhuru, na mpango wa kuoza au kukeketa. Nyingine zote, ikiwemo "nina mpenzi" au "nimekunywa pombe", ni siri. Mlezi akianza kudai kusikia na hizo, kikundi kimekufa siku hiyohiyo.

Mtoto akibakwa, saa ndiyo jambo la kwanza. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura mwisho siku 5. Kwa hiyo kijana amwambie mlezi siku hiyohiyo, hata kama ni jioni. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo aliyovaa isifuliwe, ifungwe kwenye karatasi au kanga safi. Mfuko wa plastiki hapana, unyevu unaharibu ushahidi. Kama kuna kituo cha mkono kwa mkono jirani, aende huko moja kwa moja, maana polisi, daktari na ustawi wa jamii wanakuwa mahali pamoja. Kama hakipo, Dawati la Jinsia na Watoto polisi kwa ajili ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kisha hospitali. Anayetoka damu au aliyezimia, hospitali kwanza, fomu itafuata.

Mnyororo wa kawaida: mwelimisha rika, mlezi, mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii. Sasa swali ambalo lazima mafunzo yalijibu waziwazi: na kama anayetuhumiwa yumo ndani ya mnyororo? Ni mwalimu? Hapo kijana anaruka. Anapiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, au anakwenda kwa afisa ustawi wa kata au zahanati. Namba 116 iandikwe kwenye milango ya vyoo, kwa ndani, ambapo mtu anaisoma akiwa peke yake. Ubaoni pa matangazo kila mtu anamwona nani anainakili.

Kingine. Familia nyingi hukaa kumalizana, ng'ombe wawili watatu, mambo yanaisha. Sheria ya Elimu tangu marekebisho ya 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, kwa hiyo anayejua jambo hilo ana watu wengi wanaotaka anyamaze. Mwelimisha rika asitajwe popote kama aliyetoa taarifa. Mtoa taarifa rasmi ni mlezi au mkuu wa shule. Kijana asiitwe kwenye kikao cha familia, asikabiliane na mtuhumiwa, asiende kumpekua mtu simu.

Na kwa binti aliyepata mimba: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wengi vijijini bado wanadhani amefukuzwa moja kwa moja. Hii ni habari ambayo mwelimisha rika anaweza kuifikisha mpaka mlangoni, naye akawa wa kwanza kumsindikiza siku anayorudi.

Binti wa Mpwapwa

Mkuu Ustawi Kati, rejista ya kikundi iweje? Nyingine zina majina ya wanafunzi waliohudumiwa, zinakaa staffu, kila mwalimu anasoma.

Ustawi Kati

Dada, majina hapana kabisa. Safu tano zinatosha: tarehe, jinsia, kidato, mada, alielekezwa wapi. Alama ya vema akifika huduma. Ukitaka ushahidi wa rufaa, tumieni vikadi vyenye namba: kijana anakipeleka kituoni, nesi anakihifadhi, mwisho wa mwezi mnahesabu vilivyotolewa na vilivyofika. Vikitoka 20 vikafika 4, msiwalaumu vijana kabla hamjaenda kuona saa za huduma na lugha ya mapokezi.

Mnasihi06

Ufuatiliaji, Ticha, ndio jibu la swali lako la mwisho. Vikundi havifi kwa sababu mafunzo yalikuwa mabaya. Vinakufa wiki ya sita, kwa kuwa hakuna aliyewauliza kitu tangu wapewe fulana.

Miezi miwili ya mwanzo mkutane kila wiki mbili, dakika 45, siku na saa isiyobadilika. Baadaye mara moja kwa mwezi. Kikao kiwe na mambo matatu: swali gumu uliloulizwa ukashindwa, igizo moja la swali hilo, na hali yenu wenyewe. Hili la tatu lisirukwe. Kijana aliyesikiliza habari ya kubakwa anabeba mzigo, na haruhusiwi kuugawa kwa rafiki zake. Mlezi azungumze naye peke yake ndani ya siku mbili. Akisema anataka kupumzika mwezi mmoja, apumzike, wa akiba aingie.

Sanduku la maswali: la mbao, kufuli, liwekwe mahali ambapo watu hupita wote, siyo nje ya ofisi. Kila Ijumaa kila mwanafunzi wa mkondo mmoja anatumbukiza karatasi, hata kama ameandika "sina swali". Bila sharti hilo anayetumbukiza anajulikana ndiye mwenye shida. Majibu yabandikwe Jumatano. Karatasi inayotaja hatari haibandikwi, inakwenda kwenye mnyororo alioueleza Ustawi Kati.

Mfumo wa kurithishana: Septemba pigeni kura mpya kidato cha pili na kidato cha kwanza, ambao sasa wanajuana. Waliochaguliwa wakae na wale wa kidato cha tatu vikao vitatu kabla ya mitihani ya Novemba. Januari wale wanaoingia kidato cha nne wanabaki washauri, hawana zamu.

Ticha wa Kata

Nimeprinti uzi wote kwa ajili ya kikao cha walimu Jumatatu. Swali la mwisho: kufuli la sanduku lina funguo mbili. Mmoja anao mlezi wa kike. Wa pili?

Mama Zahanati

Wa pili ukae zahanati, Mwalimu, na lisifunguliwe bila wawili kuwepo. Ijumaa saa nane nitakuwa nimemaliza kliniki ya watoto, nakuja kwa miguu. Mlezi wa kiume asome maandishi yakishachapwa upya, maana walimu wanazijua hati za wanafunzi wao.